Jina Lililotokea Kwenye Simu ya Stoo

Jumatatu, 8 Novemba 1999

Leo wameung'oa ubao wangu wa kuunganishia simu. Miaka yote niliuona mkubwa, kumbe ukishatolewa ukutani ni sanduku tu, na nyuma yake mijusi walikuwa wametaga. Pamebaki weupe pale ulipokaa. Nilisimama nikitazama. Huzuni kidogo, nafuu kidogo.

Gillian, mkubwa wetu wa mapokezi, asema ubao ule hautaujua mwaka elfu mbili. Usiku wa kuamkia Januari utadhani tumerudi mwaka 1900, simu zote zitakufa, na hoteli imejaa Wajerumani. Mimi sijui. Hapa Diani mwaka 1900 palikuwa na nani wa kupigiwa simu?

Simu mpya ni za rangi ya majivu, kila moja na kioo kidogo juu ambapo maandishi hupita. Fundi wake ni Jethro, mtu wa bara, kakaa Mombasa miaka mingi lakini Kiswahili bado hakijamkaa. Kila kitu kwake ni "rahisi tu, mathe".

Nyumbani mambo ni yale yale. Posa ya binti yangu Maimuna imekubaliwa, nikahi tumeiweka Ijumaa ya tarehe tatu Disemba, ndani ya Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia. Kheri ni kijana mtulivu, huwapeleka watalii kisiwani Funzi, kwao Jego. Sina neno naye. Neno liko kwa baba yake Maimuna. Hajasema ndiyo, hajasema la — na yuko hapa hapa, ndiye mkuu wa stoo, korido moja na chumba changu cha simu.

Tangu talaka, miaka minne, maneno yetu ni mawili. Mimi: "Simu yako." Yeye: "Haya." Namuunganisha na muuza samaki, muuza mayai, basi.

Jumanne, 9 Novemba 1999

Jethro kanifundisha kuzitengeneza simu. Nitakuwa nazitengeneza mwenyewe nikiwa kwenye meza yangu. Naingiza namba ya siri, nataja laini, kisha nafanya nitakalo — mlio, taa, vitufe vya kupiga haraka, wimbo wa kumsubirisha mtu, na jina. Jina ukilitia, mwenye simu hiyo akimpigia yeyote humu hotelini, linatokea kwenye kioo cha anayepigiwa. Na kwake mwenyewe linakaa pale siku nzima. Nafasi kumi na mbili tu. "Mpishi Mkuu Boga" hakuingia, akabaki MPISHI MKUU.

Wimbo wa kusubirisha Gillian kachagua kengele za Krismasi. Novemba! Asema wageni wanapenda. Nimetia.

Tena kataka majina ya kwanza peke yake, bila vyeo. "Iko friendly zaidi, Bi Mwanapili." Haya. ASHLEY. SETH. DAMA. BOGA. Kwangu nikatia MWANAPILI. Lilipotokea nilipenda, niseme kweli. Sijawahi kuliona jina langu likiwaka.

Jumatano, 10 Novemba 1999

Bi Dama wa dobini kaja mlangoni na mikono yenye povu. Alikuwa amepiga mapokezi kuuliza mashuka. Ashley, mtoto wa juzi, kaona DAMA kwenye kioo akajibu, "Hi Dama." Bi Dama ana wajukuu wanaomzidi Ashley kimo.

Hakunigombeza. Kaniuliza taratibu kama ni mimi niliyemvua nguo mbele ya watu.

Nikaona haya mpaka kwenye masikio. Na mimi ndiye niliyelelewa Msambweni, si Gillian! Asubuhi nzima nimekuwa nikiwavisha watu upya: BI DAMA, MZEE BOGA, MZEE MRAMBA dereva. Gillian alikuja kuuliza nafanya nini. Nikamwambia heshima si utumwa. Kaenda zake. Alasiri karudi, kaniuliza kwa sauti ndogo kama naye naweza kumtilia kitu mbele. Nimemtilia BI GILLIAN. Amefurahi kama mtoto wa Idd.

Laini moja imebaki namba tupu. Ya stoo.

Nilianza kuiandika. Vidole vikasimama. Sisi tulikuzwa hivyo, mke hatamki jina la mume. Tangu Maimuna azaliwe nimemwita Baba Maimuna, na kabla yake nilikuwa nakohoa tu akajua anaitwa. Talaka niliipokea kwa mikono miwili, ndoa imekwisha na sitaki irudi. Lakini nadhani ulimi hakuna aliyeuambia. Nimeiacha namba.

Ijumaa, 12 Novemba 1999

Zamu yangu ya kupumzika. Nimeshinda Msambweni kwa kaka Alfani.

Kwa sisi Wadigo mjomba ana neno lake kwa mtoto wa dada. Ndiyo maana wazee wa Kheri walipokuja walipelekwa kwa Alfani, naye akapokea posa, akawapa maji na kahawa, akataja na siku. Mimi nilikuwepo. Nilifurahi. Sikusema, "Na baba yake je?" Nilijua lililonipasa kusema na sikulisema, kwa kuwa ilinipendeza kwamba kwa mara moja jambo limepita bila yeye.

Sasa sheikh amesema. Baba yu hai, yu karibu, ana akili zake timamu — mjomba hawi walii. Baba aozeshe au aweke wakili kwa kinywa chake. Alfani amechukia. Asema mtoto ni wa kwetu, na yeye hatakwenda kumpigia magoti mtu aliyemwacha dada yake.

Maimuna mwenyewe amekwenda kwa baba yake, juzi, bila kuniambia. Kampokea vizuri, kampa chai, kamuuliza habari za watoto anaowafundisha chekechea. Alipotaja nikahi akamjibu, "Mwenye kupokea posa ndiye aozeshe." Halafu akaenda zake kuswali.

Ananisimulia hayo huku akikunja nguo zile zile mara mbili. Hakulia. Afadhali angelia.

Jumatatu, 15 Novemba 1999

Nimekata shauri nimwambie mwenyewe. Si kwenda stoo, huko wapo wapakuaji na masikio yao. Kwa simu. Saa za chai mapokezi hapana watu, laini zimetulia.

Nikapiga. Ikalia. Ikalia. Haikupokewa.

Labda hayupo, nikasema. Nikatoka hadi mapokezi, nikatumia simu ya Ashley kuuliza kama sabuni imefika. Ikapokewa hata mlio haujakwisha. "Stoo." Sauti ile ile. Nikaiweka chini bila kusema kitu, mimi mtu mzima.

Kumbe ni hivyo. Zamani simu ililia tu, na ikilia huna budi — huenda ni meneja, huenda ni samaki. Ukainua, ukasalimiwa, ukasalimia, mkawa watu. Sasa kinakuja kioo kukuonyesha mtu kabla hajafungua kinywa, na unachagua. Seth wa uhasibu kila siku anabonyeza kitufe cha kutosumbuliwa, lakini yule anawakataa wote. Huyu anakataa mmoja.

Imeniuma. Sikudhani.

Nikakaa mbele ya meza yangu. Naweza kubadilisha jina langu nikatia lolote. Nikaandika BI GILLIAN kwenye laini yangu mwenyewe. Angeipokea mara moja, na wima. Nikaitazama ile BI GILLIAN mpaka taa ya kioo ikazimika yenyewe. Kisha nikaifuta. Nikahi ya mtoto haianzi kwa hila.

Jumanne, 16 Novemba 1999

Mvua ya vuli tangu alfajiri. Ashley kalalamika kwamba stoo wana adabu mbovu, kila akiwasubirisha wanakata simu. Nikamuuliza wanakata lini. Kengele zikianza tu, asema.

Nilicheka peke yangu. Yule mtu hata redio ya jirani humtoa nyumbani. Kengele za Krismasi, na yuko katika funga zake za sunna!

Jumatano, 17 Novemba 1999

Mbio tupu. Meneja mkuu kesho anaonyeshwa simu, Gillian kataka kila laini iwe na jina kabla ya saa kumi, na Jethro ana gari la kurudi Mombasa. Gillian kasimama nyuma yangu akisoma namba, mimi natia. Bustani — MZEE KASSIM. Bwawa — QUINCY. "Stoo bado, Bi Mwanapili, tia, tia!" Nikatia. Nikabonyeza. Tukaendelea.

Jethro kabadilisha namba ya siri kabla ya kuondoka, kwa kuwa Seth alikuwa ameijua na kajitilia mlio wa jogoo. Karudi na namba hiyo Mombasa mpaka Jumatatu. Nimechoka. Miguu imevimba.

Alhamisi, 18 Novemba 1999

Sijui niandike vipi.

Asubuhi Ashley kaniuliza, "Mama, Baba Maimuna ni nani?" Nikadhani kuna mtu amekuja kuniulizia. Nikatoka. Kanielekeza kwenye kioo cha simu yake. Stoo walikuwa wamepiga, na jina bado liko pale.

BABA MAIMUNA.

Imeingia sawasawa, hata nafasi moja haikubaki. Gillian alisema "stoo, tia", na vidole vikatia kile ambacho kinywa kimesema miaka ishirini. Bila kuniuliza! Na kila aliyepigiwa na stoo tangu jana amekiona. Jikoni wamekiona. Meneja mkuu amekiona, kauliza kama ni aina ya idara.

Mzee Boga kanipigia makusudi. Kaniuliza kama tumerudiana kwa waya, maana lisemwalo lipo, kama halipo laja. Nikamwambia mchuzi wake unaungua. Nikasikia jiko zima likicheka nyuma yake.

Nikakimbilia kubadilisha. Namba ya siri haifungui. Jethro yuko Mombasa.

Na la kunikondesha ni hili, kwamba kwenye simu yake mwenyewe limekaa. Hapo mezani kwake, mbele ya macho yake, siku nzima, mpaka Jumatatu. Jina nililomwita mimi peke yangu duniani, maana wengine wote humwita Suleiman. (Nimeliandika. Kwenye karatasi si kitu kumbe.) Ataona nimemcheza shere. Ataona nimemwekea ukumbusho mbele ya wapakuaji ili alegeze. Nikahi ndiyo nimeiharibu.

Nimengoja siku nzima aje mlangoni. Hakuja.

Ijumaa, 19 Novemba 1999

Kaswali Ijumaa, karudi, kapita korido. Kikohozi chake. Hakusimama.

Mzee Mramba dereva alikuwa stoo anachukua maji ya gari. Asema Seth aliingia na karatasi zake, akaona kile kioo, akasema hayo ni mambo ya mzaha, hoteli ya nyota nne, amwambie opereta afute. Na Baba Maimuna hakuinua hata macho kwenye maboksi. Kamjibu, "Kwani si kweli?"

Nilimwomba Mzee Mramba arudie. Karudia. Hakuongeza kitu.

Jumatatu, 22 Novemba 1999

Jethro kaja. Gillian katoa amri, stoo iandikwe SULEIMAN na yaishe. Jethro akakuna kichwa. Asema alipopita stoo kuangalia waya, mzee alimshika mkono kwa adabu, akamwomba mambo mawili. La kwanza jina lake libaki hivyo hivyo lilivyo.

La pili lilimshinda Jethro kuelewa, kanieleza kwa kubahatisha, nusu Kiswahili nusu kitu chake: "Mathe, amesema name yako ikitokea kwake hajui kuipokea. Ati hiyo jina hajawahi kukuita. Ati angeitaje? Anataka i-change, lakini hakusema iwe nini. Amesema utajua."

Nikakaa kitini.

Wiki nzima nimesema amenikataa. Na kweli huenda alinikataa, sijui, mtu ana mengi. Lakini sikupata kufikiri hata mara moja kwamba na yeye ana ulimi uliofundishwa kama wangu. Ashuhudie Mungu, yule hakuniita Mwanapili hata siku ile alipoandika talaka. Aliandika binti fulani wa fulani.

Nikamuuliza Jethro kama naweza kutokea kwa jina jingine stoo tu, kwengine nibaki kama nilivyo. Haiwezekani. Jina ni moja, likibadilika limebadilika kwa wote. Jikoni. Dobini. Kwa Seth.

Gillian alikuwa bado kasimama na kalamu yake. Nikamwambia, nikahi ya binti yangu iko njiani na baba yake ndiye walii, na kama kuna mtu atakayefuta jina lile basi afute kwanza na langu. Sikupaza sauti. Gillian kanitazama. Mwaka juzi kwenye zile vurugu za kuwafukuza watu wa bara alikimbia na begi moja, karudi baada ya miezi, na mimi ndiye niliyemwekea vyombo vyake. Kasema, "Sawa, Mama Maimuna." Kwa Kiswahili safi. Akaondoka.

Jethro kanipa namba mpya ya siri. Nikabonyeza laini yangu. Lile jina langu lililokuwa likiwaka nililifuta herufi moja moja, na lilinitoka kwa shida kidogo. Nikatia MAMA MAIMUNA.

Jumanne, 23 Novemba 1999

Mzee Boga kapiga mara nne kabla ya chakula cha mchana. Mara zote hana shida. Ananipa hongera, ananiuliza pilau apike ya watu wangapi. Bi Dama kapiga mara moja, kasema tu, "Nimeona, mwanangu," na kakata.

Stoo kimya. Na mimi sikupiga. Kutengeneza kioo ni kazi ya vidole, lakini baada ya kioo kuna maneno, na maneno yenyewe nayajua, yananikaa kooni tangu Msambweni: tulikosea. Posa ilipasa ianze kwako. Alfani alipokea na mimi nilinyamaza, na nilinyamaza kwa kusudi. Uje usimame, umwozeshe.

Alfani akijua nimesema "tulikosea" kwa niaba yake, hatanisemesha mpaka Idd. Na anune. Maimuna kaniletea kitambaa cha nguo yake leo nikiguse. Kaniuliza kama akishone au angoje. Nikamwambia ashone.

Usiku sikupata usingizi mzuri.

Jumatano, 24 Novemba 1999

Saa za chai. Nimepiga. Naandika hapa hapa mezani, nipate kutulia.

Ililia mara moja, ya pili. Nikawaza, sasa anasoma. Ikapokewa.

Nikatoa salamu. Akaitika yote, mpaka mwisho, na rehema na baraka. Nikasikia feni ya stoo. Akasema, "Mama Maimuna." Hakuuliza, hakuita. Alikuwa analisoma tu pale kwenye kioo, nadhani, kwa sauti.

Nikasema, "Baba Maimuna, nina neno. Ni neno langu, si la Alfani." Akasema, "Nakusikiliza."

Na hapo hapo taa ya laini ya nje ikawaka! Simu ya ng'ambo, yale mambo ya kuweka vyumba vya mwaka mpya, na hakuna mwingine wa kuipokea, Ashley yuko chai. Nikamwambia naomba dakika moja. Nikamsubirisha. Kidole kilipoachia kitufe ndipo nikakumbuka — kengele!

Nimemaliza na yule Mjerumani zamani. Nimempeleka kwa Gillian. Alitaka kueleza habari za bahari na mkewe na magoti ya mkewe, nikamwacha aeleze, siku nyingine ningemkata mapema.

Taa ya stoo bado inapepesa. Naitazama ninavyoandika. Kila mara nadhani sasa itazimika, na haizimiki. Mtu yule, na masikio yake yale, katika Shaabani, amefunga, kaushika mkono wa simu na kengele za Krismasi zinamlia sikioni, zimekwisha na zimeanza upya.

Hajakata.

Haya. Tulikosea. Tulikosea, Baba Maimuna. Naanza na hilo, mengine yatafuata. Naweka kalamu